Manyani wa Adili, Mara ya Pili

Waliosoma kitabu cha Adili na Nduguze shuleni wanakumbuka manyani wawili wanaochapwa usiku, mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na Huria, binti wa kijini. Kodi haikumbukwi na mtu. Ukikifungua tena ukiwa na miaka arobaini, ukiwa umeshapanga foleni ya kodi yako mwenyewe mara kadhaa, kinachokushika kwanza ni kwamba mambo yote yanafumuka kwa sababu kodi ya Janibu imechelewa kufika kwa Mfalme Rai. Tena mfalme huyo hatumi askari. Anamtuma mjumbe wake, Ikibali, aende akaulize. Mtoto anaruka kurasa hizo ili awahi kwa manyani. Mtu mzima anakaa hapo hapo, kwa sababu anajua mamlaka ngapi zingeuliza kwanza.

Kitabu ni cha Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani, Tanga, na kufariki 1962. Kilitoka kwa Macmillan mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika. Ni chembamba, kinaingia mfuko wa koti bila kuonekana. Kwa aliyekipenda utotoni jibu letu ni moja: kinunue, kisome tena, lakini usikisome kama ulivyokisoma zamani, na uangalie sana nakala unayouziwa, maana nyingi zinazozunguka Arusha na Moshi zina kasoro inayoharibu hadithi yenyewe. Hilo la nakala tutalifikia.

Kwa aliyesahau: Adili ni mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Ikibali, mgeni wake, anagundua kwamba kila usiku mwenyeji wake anaingia mahali walipofungwa manyani wawili, anawachapa, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Habari inafika kwa Rai, Adili anaitwa na manyani wake, naye anaeleza. Wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Aliwasaidia walipofilisika, akasafiri nao, na njiani, baada ya kumpata binti aitwaye Mwelekevu katika mji wa mawe, wakamtosa baharini kwa ajili ya binti huyo. Huria, ambaye Adili alikuwa amemwokoa kabla, akamwokoa na yeye, akawageuza ndugu wale manyani, na akamwachia Adili amri ya kuwachapa kila usiku.

Sasa majina. Mtoto anayachukua majina haya kama Juma na Asha. Mtu mzima aweke Kamusi ya Kiswahili Sanifu kando na atafute kila jina kabla ya kuendelea. Ni kazi ya nusu saa na inalipa kuliko utangulizi wowote. Rai ni ushauri, maoni ya mtu aliyefikiri. Janibu ni upande, kando. Ughaibu ni kule mbali kusikoonekana, neno ambalo leo tunalitumia kwa ndugu zetu waliohamia ng'ambo. Huria tunalisikia kila siku kwenye soko huria na chuo kikuu huria, na hapo pana jambo la kukutafakarisha: anayewafunga wanadamu wawili ndani ya ngozi za nyani amepewa jina la uhuru.

Hasidi na Mwivu ndio wanaohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu wengi wetu tunayachanganya maneno hayo mawili. Mwivu anaumia kwa kuwa wewe unacho na yeye hana. Ukimpa chake huenda akatulia. Hasidi hatulizwi na kupewa, maana anachotaka ni wewe ukose. Soma sehemu ya Adili kugawana mali na ndugu zake ukiwa na tofauti hiyo kichwani. Utaona kwa nini ukarimu wa Adili haukufua dafu, na utaona pia kosa lake: alitumia dawa ya wivu kutibu husuda. Ukiwa na miaka kumi huwezi kuliona hilo. Ukiwa umeshawahi kukaa kikao cha ukoo kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba, unaliona kabla hujageuza ukurasa.

Na jina la kitabu lenyewe. Nduguze ni ndugu zake, umbo fupi lile lile linalotupa mkewe na babaye. Methali ambayo kila mtoto anaijua imejengwa hivyo hivyo: nyani haoni kundule. Hatudai kwamba mwandishi aliitia methali hiyo makusudi, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuwatazama ndugu wawili wenye kijicho wakigeuzwa manyani bila kuisikia ikigonga nyuma ya sikio. Adhabu yao ni methali iliyotiwa nyama na manyoya.

Asili ya hadithi inafahamika. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdallah bin Fadhil wa Basra na ndugu zake wawili, na anayeitisha maelezo ni Khalifa Harun Rashid. Huko ndugu wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwatoa mbwa akawaweka manyani, na kwa maoni yetu huo ndio uamuzi bora kuliko yote aliyofanya katika kitabu hiki. Katika nyumba ya Mwislamu wa pwani mbwa hawezi kukumbatiwa wala kuketishwa penye chakula bila swali la najisi kuzuka na kufunika kila kitu. Nyani anaweza. Zaidi ya hapo, nyani ana viganja. Ana kucha bapa kama zako, ana macho yaliyokaa mbele ya uso, na akipigwa anajikinga kwa mkono. Huwezi kumchapa huku ukijifanya humwoni mtu.

Hapa msomaji wa kaskazini ana jambo lake. Mtoto aliyelelewa Usa River, Ngurdoto au vijiji vya chini ya Meru anamjua nyani kama mwizi wa mahindi. Ameamia shamba, amepiga debe, ameona kundi likishuka kutoka msituni, dume kubwa likitangulia, na kwa dakika chache tu mistari miwili ya mahindi mabichi imevunjwa, bunzi limeng'atwa mara moja na kutupwa. Kwa mtoto huyo nyani anayechapwa kila usiku amepata haki yake. Ndiyo maana kitabu kile kile kilichomtia huruma mtoto wa mjini kilikuwa kinafurahisha huku milimani. Msomaji mzima wa huku anarudi na hesabu ya kufanya: ilimchukua kurasa ngapi kuwahurumia Hasidi na Mwivu, na je, ni kwa sababu ya kosa lao au kwa sababu ya sura waliyovishwa?

Basi tuje kwenye kiboko, kwa sababu hapo ndipo kitabu kimekua zaidi kuliko msomaji wake. Mtoto wa shule ya msingi aliyepangwa mstarini asubuhi kwa kuchelewa namba hashangazwi na kuchapwa. Kosa lina fimbo, basi. Mtu mzima anaona kitu kingine kabisa: mtu mwenye jina la Adili, kiongozi anayesifiwa, ambaye usiku wageni wakilala anachukua kiboko na kwenda kuwapiga ndugu zake, kisha anawafuta machozi na kuwalisha kwa mkono ule ule. Anafanya hivyo kwa amri. Akiacha, ataadhibiwa yeye. Uadilifu tunaouimba kila siku, ule wa maadili ya viongozi wa umma, hapa umewekwa mahali pagumu kweli kweli: mtu mwema anayetekeleza adhabu asiyoitaka, usiku kwa usiku, bila kujua mwisho wake. Angalia pia mpangilio wa mwandishi. Kipigo tunakiona kwanza, kwa macho ya Ikibali, kabla ya kuambiwa kosa. Tunaanza kwa kumwona Adili ni katili. Maelezo yanakuja baadaye, na hata yakija, ile picha ya kwanza haifutiki. Huo ni ufundi, na ukubwani unauona waziwazi.

Mwisho nao umebadilishwa. Katika kisa cha Alfu Lela Ulela ndugu wanarudishiwa ubinadamu, kisha wanarudia uovu na kumuua ndugu yao. Shaaban Robert anakataa mwisho huo. Rai anaingilia kati, msamaha unapatikana, Hasidi na Mwivu wanakuwa watu tena na wanabadilika kweli. Wapo wanaoona mwisho huu ni laini mno. Sisi tunaona ndio unaokifanya kitabu kiwe chake, maana mwandishi aliyeamini kwamba hasidi haponi asingejisumbua kuwapa manyani machozi.

Udhaifu upo na tuuseme. Mwelekevu ameingizwa vizuri sana, mtu hai peke yake katika mji wa mawe, na masimulizi yake ni sehemu inayosisimua kuliko zote. Akishapanda chombo anageuka kitu cha kugombewa, sauti yake inafifia. Ukimsomea binti wa miaka kumi na mbili, atakuuliza kuhusu hilo, na hana kosa. Pia yapo mawaidha yanayosimamisha hadithi katikati ya safari. Utotoni uliyaruka. Safari hii usiyaruke, ila usiyasome kimoyomoyo: yameandikwa kwa mizani, sentensi ikiwekwa upande huu na mwenzake upande wa pili, na yakisomwa kwa sauti yanatembea. Yakisomwa kimya yanakaa kama mawe ya mji ule.

Kinachowakwamisha wengi wanaosoma upya ni jambo dogo la nani anasema. Hadithi ina ngazi tatu. Ya juu ni ya msimulizi, inayohusu Rai, kodi na Ikibali. Ya pili ni Adili akisimulia mbele ya mfalme, na hapo "mimi" ni Adili. Ya tatu imo ndani ya hiyo: Mwelekevu akieleza jinsi watu wa kwao walivyokataa maonyo wakawa mawe, na hapo "mimi" ni yeye. Ukisoma kwa vipande, ukiweka kitabu chini kwenye daladala pale Kilombero, Arusha, na kukiokota kesho, unarudi katikati ya "mimi" usijue ni wa nani. Chukua penseli laini, usitumie kalamu ya wino, na mahali msemaji anapobadilika weka herufi moja ukingoni: R kwa ngazi ya Rai, A kwa Adili, au M kwa Mwelekevu. Ni alama chache tu kitabu kizima. Kisha gawa usomaji kwa ngazi hizo badala ya idadi ya kurasa. Jioni ya kwanza ishia Adili anapoitwa kwa mfalme. Ya pili ishia mlangoni mwa mji wa mawe. Ya tatu malizia Mwelekevu na bahari. Ya nne, manyani na msamaha. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa igawe ya tatu mara mbili, kwa sababu mji wa mawe unamkalia kichwani, na kumtosa mtu baharini usiku huo huo ni mzigo mkubwa kabla ya kulala.

Maneno ya bahari yatamsumbua mtoto wa huku zaidi ya yale ya kijini. Jini ameshasikia habari zake. Tanga na nanga hajaviona. Mchoree kabla ya jioni ya tatu.

Kuhusu nakala. Mpya unaweza kuulizia maduka ya vitabu mjini Arusha na Moshi, hasa Januari shule zinapofunguliwa. Ukitaka kuonja kwanza, maktaba ya mkoa ipo katika miji yote miwili. Nakala kuukuu zinatandikwa barabarani pamoja na vitabu vingine vya mitumba, na hizo ni nafuu, lakini zikague kwa utaratibu huu. Fungua mwisho kwanza. Nakala za shule huchanika kurasa za nyuma kabla ya nyingine, na katika kitabu hiki kurasa za nyuma ndizo zenye msamaha. Nakala isiyo na mwisho ni kitabu kingine kabisa: manyani wanabaki kwenye minyororo na kiboko kinaendelea. Usiinunue hata kwa bei ya karanga. Halafu fungua katikati kabisa na uangalie pini. Zikiwa na kutu nyekundu iliyoanza kula karatasi, karatasi mbili za katikati zitachomoka ndani ya mwezi. Mwishowe inuse. Harufu ya udongo mbichi ni ukungu, na ukungu ukikaa rafuni Moshi wakati wa masika, Machi hadi Mei, utahamia kwenye vitabu vya jirani.

Kutu unaitibu nyumbani. Inua miguu ya pini kwa kisu butu, uivute kutoka upande wa mgongo, na futa unga wa kutu kwa brashi kavu. Kata uzi wa pamba wenye urefu wa mara mbili na nusu ya kimo cha kitabu. Tumia matundu ya zamani mawili na utoboe la tatu katikati yao. Anzia ndani, tundu la kati, utokee mgongoni. Ingia tundu la juu. Ukiwa ndani ruka la kati, tokea tundu la chini. Rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi sasa ziko ndani: zipitishe pande mbili za ule uzi mrefu uliolala, vuta taratibu kufuata mkunjo wa karatasi, funga fundo mara mbili. Ukivuta kuelekea juu badala ya kufuata mkunjo, uzi utapasua karatasi kutoka tunduni, na hapo utakuwa umeongeza kazi.

Ukurasa uliochanika usiuguse kwa selotepu. Gundi yake inazama kwenye karatasi, inageuka kahawia, plastiki inabanduka, doa linabaki juu ya maneno. Pika gundi ya unga: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano na vijiko vitano vya maji baridi. Koroga kwanza bila moto mpaka madonge yaishe, kisha moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Pitisha kwenye chujio la chai, uache upoe. Ikiwa nyepesi mno ukurasa utajikunja kama chapati; ikiwa nzito mno kiraka kitakuwa kigumu na karatasi itapasuka pembeni yake. Kiraka kiwe karatasi nyembamba isiyo na maandishi, iliyochanwa kwa mkono, maana ukingo wenye nyuzinyuzi unashika vizuri kuliko uliokatwa kwa mkasi. Paka gundi kwenye kiraka, usiipake kwenye ukurasa. Weka karatasi ya plastiki juu na chini ili kurasa zisigandane, funga kitabu, weka tofali juu yake. Gundi hiyo tumia siku hiyo hiyo na imwage inayobaki. Kesho itachacha na mende wataipata.

Kukausha juani ni kosa linalorudiwa na wengi. Jua linaikausha karatasi upande mmoja, inapinda, na rangi inageuka njano. Iache kivulini chini ya tofali. Moshi mjini usiku mmoja unatosha; Arusha kwenye baridi ya Juni na Julai ipe siku nzima na usiku wake, kisha chomoa plastiki na ufungue kitabu polepole, ukianzia katikati, pale uzi ulipofungwa, ukurasa mmoja upande huu na mmoja upande ule, mpaka ufike kwa Rai mwanzoni na kwa msamaha mwishoni.